Salamu za Mlangoni

Shati la kijani lilikuwa linaning'inia pale pale alipoliacha, kwenye hanga nyuma ya cherehani, halina kifungo hata kimoja.

Fundi alilitazama kwa aibu kidogo, kama mtu anayekutana na kazi aliyoiacha njiani. Chaki ilikuwa bado ipo kwenye kola, na mkono wa kushoto umeshikizwa kwa pini. Yeye aliingia mle kibandani kuchukua zawadi ya nesi, basi, wala hakuwa na habari na shati. Lakini akili ya binadamu ina mambo yake. Alishachukua kifurushi, alishageuka kutoka, ndipo ile sauti ya wodini ilipomrudia masikioni: "Leo kaja na shati la kijani, dada. Lile la mifuko miwili. Anasema fundi wake hana mpinzani."

Akarudi nyuma. Akakiweka kifurushi kwenye meza ya kukatia.

"Shati gani la kijani?" akaliuliza shati lenyewe.

Maana mchumba wake, yule muuza vioo, hakuwahi kushonewa shati jingine la kijani. Ni hili hili. Na hili halikuwa limetoka humu ndani tangu siku Fundi alipolazwa. Labda mtu alichukue na pini zake, aende nalo kifua wazi hospitalini kumwona mgonjwa, halafu arudi alitundike pale pale kimya kimya. Hata mwendawazimu angesita.

Ngoja nieleze kidogo desturi ya wodi ile, tusije tukaachana njiani. Wodi ya upasuaji ya wanawake haikuwa na mchezo. Kila mgonjwa kadi moja ya kuingilia, na mwenye kadi ndiye anayeingia. Wengine wote, awe shangazi, awe bosi, awe mume wa ndoa, wanaishia mlangoni. Simu za wagonjwa nazo zilikatazwa, eti zinaleta wadudu na makelele. Basi watu wakazoea kusimama pale mlangoni saa ya kuona wagonjwa, wakamwachia nesi wa zamu salamu zao, naye akimaliza kugawa dawa anapita kitanda hadi kitanda akizifikisha. Wapo manesi waliozifikisha kama wanataja bei sokoni: "Wewe, dada yako kakusalimu. Wewe, jirani. Wewe, hakuna." Lakini zamu ikiwa ya Polepole, wagonjwa walikuwa wanajitengeneza nywele.

Polepole ndilo jina walilompa. Alikuwa nesi mwanamume, kijana mrefu, mabega yameinama mbele kidogo kwa kuinamia vitanda, na kila jambo alilianza na neno hilo. Polepole, dada, geuka. Polepole, mama, meza. Siku Fundi alipotakiwa kusimama mara ya kwanza baada ya upasuaji, akaapa haki ya Mungu tumbo linafunguka, ni yeye aliyempa mto aukumbatie tumboni, akampa na mkono wake, akamwambia, "Polepole, dada. Wodi haiendi popote." Fundi akacheka, kicheko kikamuuma, akalia, na huku analia wakafika dirishani. Na siku alipolilia kizazi chake kilichotolewa, Polepole alivuta pazia la kitanda akasimama nje yake, anajifanya anapanga chupa za dawa, mpaka kilio kilipokwisha. Hakusema pole. Hakusema Mungu ana makusudi yake. Alisimama tu, asipite mtu. Sasa mtu wa namna hiyo utamshukuru kwa nini? Fundi aliona atamshonea shati, kwa sindano ya mkono, kitandani kwake nyumbani, kwa kuwa cherehani alikatazwa; mama yake akaenda kulipiga pasi na kulifunga kibandani. Vipimo alikwisha kuvichukua kwa macho kitambo.

Na salamu, jamani! Kadi alikuwa nayo mama yake Fundi, kwa hiyo mchumba alikuwa mtu wa mlangoni. Kila siku Polepole alikuja na neno lake. "Mwenzio anasema siku hizi kila kioo anachokata anamwona mtu mmoja tu ndani yake." "Anasema usikimbilie kupona kwa ajili yake. Pona kwa ajili yako, yeye yupo." Fundi aliyameza maneno yale kuliko vidonge. Aliyarudia kwa mama wa kitanda cha jirani, akajidai, mpaka yule mama akasema mimi wangu hata akinisalimu ananinunia. Na huyu ni mchumba yule yule ambaye kwenye simu alijua maneno mawili tu, "poa" na "nitakucheki"! Kumbe maradhi yanafundisha watu kusema, ndivyo Fundi alivyojiambia. Akampenda upya. Akampenda kuliko siku alipomvisha pete. Na kwa kuwa mshona nguo ni mshona nguo hata akiwa amelazwa, hakuacha kuuliza, "Leo kavaa nini?" Polepole naye hakuacha kumjibu.

Alipotoka hospitalini mchumba hakuonekana. Kasafiri, mama yake alimwambia, kaenda kufunga vioo vya jengo huko mbali, simu hazishiki. Fundi akaamini. Kwa nini asiamini?

"Mama!" aliita sasa.

Mama yake aliingia na mkoba kwapani, tayari kwa safari. "Tunachelewa, mwanangu. Nyuzi za kidonda hazijitoi zenyewe."

"Mama, hili shati nani alilivaa?"

"Shati gani?"

"Hili."

Mama akalitazama shati, akatazama sakafu, halafu akaanza kupekua mkoba. Fundi alimjua mama yake. Mama akitafuta kitu ambacho hakijapotea, kuna jambo.

"Labda analo jingine," mama akasema.

"Mimi ndiye ninayemshonea. Hana jingine."

"Basi nesi kakosea. Mwanamume na rangi wapi na wapi?"

"Hakukosea. Alitaja kijani, akataja mifuko miwili. Nani aliyemweleza habari za shati hili?"

Mama akauacha mkoba. Akaketi kwenye kiti cha wateja, taratibu, kama aliyechoka siku nyingi na leo tu ndiyo anapata pa kukaa.

"Mimi," akasema. "Ulizidi kumuuliza kavaa nini, kavaa nini, kijana wa watu akaishiwa. Akanifuata nje akaniambia, mama, nitajie nguo za shemeji. Nikalikumbuka hili. Nililiona nilipokuja kufunga dirisha. Sikuangalia vifungo."

"Kwa hiyo hakuja."

"Alikuja mara moja. Siku ile ile ya upasuaji."

"Akasema nini?"

"Mimi sikumkuta. Aliongea na Polepole, nilipofika alishaondoka. Tangu siku hiyo simu yangu hapokei. Mwanangu, ulikuwa na kidonda kibichi! Daktari mwenyewe alisema usishtuliwe. Nikamwomba yule kijana, baba, ficha kwanza, kidonda kifunge. Tungefanyaje?"

"Mngeniambia."

"Ungekufa."

"Singekufa, mama. Ningelia."

Mama akageukia upande mwingine. "Na yule kijana usimkasirikie. Kakuhudumia kama dada yake wa tumbo moja. Asante ya punda ni mateke, lakini wewe si punda, mimi sikuzaa punda."

Fundi alisikia joto linampanda kifuani mpaka usoni. Siku zote zile! Amelala pale anatabasamu kama mwali, anamsimulia jirani maneno ya mpenzi wake, kumbe mama anajua na nesi anajua. Walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anashukuru, anasema ahsante, nipakeni tena. Na mwanamume mwenyewe yuko kwake, anakula, analala, hana hata habari kwamba anapendwa upya.

Akachukua kifurushi. "Twende," akasema. "Nyuzi hazijitoi zenyewe."

Chumba cha kusafishia vidonda kilikuwa ubavuni mwa wodi, kidogo, kina kitanda kimoja chembamba na meza ya magurudumu yenye pamba, spiriti na mikasi. Mama alibaki kwenye benchi la nje. Alitaka kuingia, Fundi akamtazama jicho moja, akakaa.

"Fundi!" Polepole aliinuka uso wote unacheka. "Hebu tembea nikuone. Ahaa! Sasa unatembea kama mwenye nyumba. Polepole, panda."

Akapanda, akalala chali, akafunua tumbo. Mikono ile ikaanza kazi, ile ile anayoijua, myepesi, yenye kuonya kabla ya kugusa. Bandeji ikatoka. Pamba baridi ikapita.

"Kidonda kizuri kabisa. Wewe una nyama ya kupona. Nakata wa kwanza, utasikia kama siafu."

"Polepole."

"Naam, dada."

"Mchumba wangu leo kavaa nini?"

Mkasi ukasimama hewani.

"Sijamwona leo," akasema.

"Na jana? Na siku ile ya shati la kijani? Shati hilo liko kwangu, halina vifungo. Nimetoka kuliona sasa hivi. Labda alilivaa rohoni."

Polepole akauweka mkasi kwenye sahani. Akaichukua pamba, akairudisha. Kwa siku zote alizomjua, Fundi hakuwahi kumwona hajui la kufanya na mikono.

"Endelea kukata," Fundi akamwambia. "Unaweza kukata huku unasema. Mama kanieleza lake, nataka lako. Alikuja siku ya upasuaji, ukaongea naye. Nini kilitokea?"

"Dada, pengine tumalize kwanza..."

"Kata, sema."

Akakata. Uzi wa kwanza ukatoka, na kweli uliuma kama siafu.

"Alikuja saa ya kuona wagonjwa," Polepole akaanza. "Hana kadi. Alikuwa anatetemeka, dada, ameshika mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Akasema, mimi ni mume wake. Nilikuwa nimekuona na pete asubuhi ile, tukaivua mimi na mwenzangu. Nikajua ni mume."

"Ikawaje?"

"Akaniuliza imekwendaje. Nikamwambia." Sauti yake ikapungua. "Nikamwambia kwa furaha kabisa. Unajua sisi tumezoea kuona mambo mabaya. Wewe uliingia damu imekuishia, tukaogopa. Halafu ukatoka salama. Nikamwambia, ondoa wasiwasi, kaka, imekwenda vizuri mno, kizazi kimetoka chote na uvimbe wake, hatasumbuliwa tena maisha. Nilidhani nampa habari njema."

Fundi akafumba macho.

Unajua, msomaji wangu, kuna neno moja tu ambalo mwanamke huyu alikuwa amejiwekea. Daktari alimweleza kabla, akamwambia kizazi hakiponi, kitatoka. Akakubali. Lakini akamwomba daktari kwa machozi, jambo hili tujue mimi na wewe na mama, basi. Mchumba wangu nitamwambia mwenyewe. Na pale kitandani, kila usiku, alikuwa anafanya mazoezi ya kumwambia. Atamketisha, atamshika mkono, atamtazama machoni aone. Akiondoka, aondoke akiwa ametazamwa. Hilo ndilo alilotaka. Na sasa anaambiwa lilikwisha kusemwa mlangoni, na mtu baki, akiwa yeye bado amelala na dawa ya usingizi.

"Akasema nini?" aliuliza.

"Aliniuliza, kwa hiyo hatazaa? Ndipo nikajua nimefanya nini. Nikataka kurudi nyuma, nikasema ngoja daktari atakueleza, lakini..."

"Maji yameshamwagika."

"Yameshamwagika. Akasema, sawa. Akageuka akaondoka."

"Na machungwa?"

Polepole akababaika. "Machungwa?"

"Umesema alikuwa na mfuko wa machungwa. Aliuacha?"

"Hapana. Aliondoka nao."

"Hata machungwa!"

"Hata machungwa, dada."

Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilimtoka bila ruhusa, kikavuta kidonda, na mkono wa Polepole ukawahi kulishikilia tumbo kwa mazoea ya kazi. Fundi akausukuma mkono ule.

"Usinishike kwa huruma! Nishike kwa kazi. Kanuni unazijua au huzijui? Habari za mgonjwa ni za nani?"

"Za mgonjwa."

"Sasa zangu ulizitoa kwa nini?"

"Nilimwona mtu anatetemeka, nikataka kumtuliza."

"Loh! Kwa hiyo huruma yako haina mlango. Akitetemeka yeyote inamwagikia. Mimi nilikuwa nimwambie mwenyewe, Polepole. Watu husema mficha uchi hazai. Haya, mimi sizai hata nikiufunua, lakini ulikuwa uchi wangu! Niufunue mimi!"

Polepole alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuzi mbili zilikuwa zimebaki. Akazitoa moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ule ule, na hakujitetea. Fundi alitaka ajitetee. Mtu akijitetea unapata pa kumpiga.

"Na salamu?" akamuuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Zile zote ulizitoa wapi?"

"Ulipozinduka uliuliza, amekuja? Nikasema amekuja. Hiyo ilikuwa kweli. Ukauliza, amesema nini? Ukanitazama. Midomo imekukauka, huna hata nguvu ya kugeuza shingo, unanitazama. Dada, mimi ndiye niliyemfukuza. Ningekujibu nini? Nikasema, amesema upone. Ukatabasamu. Kesho yake ukaniuliza tena."

"Hilo la kioo?"

Polepole akachukua bandeji mpya.

"Hilo la kuona mtu mmoja kila kioo anachokata. Mtu hawezi kulitunga hivi hivi tu akiwa anagawa vidonge. Ulilitoa wapi?"

"Mwanzoni nilikuwa nakaa chini kutafuta la kusema," Polepole akasema. Alikuwa anaikunja bandeji ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Baadaye sikutafuta tena. Nikifika kitandani kwako yanakuja yenyewe. Ya mwisho mwisho yale, hayakuwa ya kumsemea mtu."

Moyo wa Fundi uliruka. Nisifiche, uliruka, mpumbavu ule, kama haujasikia chochote kilichotangulia. Naye akauchukia palepale. Maana hebu fikiri: mtu aliyempenda kitandani hakuwa muuza vioo, na hakuwa hata huyu anayesimama mbele yake na pamba mkononi. Alikuwa mtu aliyetengenezwa, mdomo wa huyu na pete ya yule. Sasa amlilie nani? Mtu anafiwa na asiyekuwepo?

"Usiniambie hayo," akasema. "Ulikuwa na nafasi ya kusema kwa jina lako, ukachagua jina la mwingine. Umeninyang'anya neno langu, halafu ukanilipa kwa maneno yako. Nani alikuambia nabadilishana?"

"Hakuna."

"Nipe simu yako."

"Simu?"

"Yangu hatapokea. Yako haijui."

Polepole akampa. Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akateremsha gauni lake vizuri kama mtu anayekwenda kupiga picha, akabonyeza namba anazozijua kwa moyo. Simu ikaita mara mbili tu.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya muuza vioo, changamfu, ya biashara. Nyuma yake mashine ya kukatia vioo ililia, ile ile ya siku zote. Hakuwa amesafiri popote.

"Ni mimi."

Mashine ikaendelea kulia peke yake. "Aa. Wewe. Nilikuwa nataka nikucheki, basi tu..."

"Nimekupigia nikuambie jambo. Nimetolewa kizazi. Sitazaa. Mimi ni mzima."

"Najua. Yule nesi alisha..."

"Nesi alikuambia yeye. Sasa nakuambia mimi."

"Sawa, lakini na wewe unatujua nyumbani kwetu. Mama anataka wajukuu, mimi ndiye pekee. Sasa ningefanyaje?"

"Sikukuuliza ungefanyaje. Nilikuwa na habari yangu, nimeileta."

"Poa," akasema muuza vioo. Ilimtoka kwa mazoea tu, na nadhani mwenyewe aliisikia, kwa sababu alianza kusema neno jingine. Fundi akakata.

Haikuwa kama alivyojiandalia. Hakumshika mkono, hakumtazama machoni. Lakini lilikuwa limetoka kinywani mwake, na sauti haikutetemeka.

Akarudisha simu. Polepole aliipokea huku macho yamejaa maji.

"Fundi, mimi..."

"Usiseme. Leo masikio yangu yameshiba." Akashuka kitandani. Kifurushi kilikuwa kwenye kiti, akakiangalia, akakisukuma upande wa Polepole. "Hilo ni lako. Shati. Mabega yatakukaa, nimeyaona ya kutosha."

"Siwezi kulichukua, dada. Baada ya haya?"

"Utalichukua. Ulinishika mkono nikasimama, na hilo halikuwa la uongo. Asante yangu nimeshaishona, siwezi kuifumua. Lakini usije ukalivaa ukadhani nimekusamehe."

Akatoka. Alijisikia ameshinda, alijisikia mkavu, hata akashangaa kwamba halii. Mama akainuka kwenye benchi, akamtazama usoni, akaogopa kuuliza. Akatoa mkono tu. Fundi alitaka kuukataa, lakini kidonda kilikuwa kinachoma na njia ya kutokea ni ndefu, akaushika. Ndivyo ilivyo. Mtu anakusaliti, na bado mkono wake ndio unaokufikisha nyumbani.

Ilikuwa imefika saa ya kuona wagonjwa. Mbele ya mlango wa wodi watu walikwisha kusongamana, wenye kadi wanaingia, wasio na kadi wanarefusha shingo. Polepole alitoka kwa mlango wa pembeni, amenawa uso, akaenda kusimama mahali pake. Wa kwanza kumfikia alikuwa mzee mmoja mfupi, kofia mkononi, kadi kachukua binti yake.

"Mwanangu, wewe ndiye wa salamu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mke wangu wamempasua leo asubuhi. Mwambie mama watoto, kuku wote wameingia bandani. Na mimi nimekula, asije akasema sijala."

"Nitamfikishia, mzee."

"Hapana," alisema Fundi.

Hakujua kwamba angesema. Watu wakageuka. Mama yake akambana mkono, "Mwanangu, twende," lakini yeye alishamwachia, yuko mbele ya yule mzee.

"Shikamoo, mzee. Mwambie kwanza ayarudie. Neno kwa neno, kabla hajaingia."

"Marahaba, binti." Mzee akamtazama yeye, akamtazama nesi. "Kwani kijana ni msahaulifu?"

"Si msahaulifu. Ana huruma."

Mzee hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa kusikiliza. Akangoja. Polepole akasimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kuku wote wameingia bandani," akasema. "Na yeye amekula."

"Na mwambie nipo," mzee akaongeza. "Siendi nyumbani mpaka wafunge geti."

"Na yupo. Haendi nyumbani mpaka wafunge geti."

"Hayo tu. Usimwongezee."

"Simwongezei, mzee."

Akaingia. Mlango ulikuwa wazi, na kitanda chenyewe kilikuwa cha karibu, hivyo walisikia pale nje walipokuwa wamesimama. Polepole hakupamba, hakulainisha. Alisema kuku, akasema chakula, akasema yupo, haendi mpaka wafunge geti. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, dhaifu, imejaa usingizi wa dawa, lakini imeudhika kweli kweli.

"Hajala huyo. Namjua. Mwambieni akale."

Watu wa mlangoni wakaangua kicheko. Mzee alikuwa anacheka kuliko wote, anajifuta macho kwa kofia, anasema kanijua, jamani, kanijua.

Hapo ndipo Fundi alipolia. Mama yake alidhani anamlilia muuza vioo, akaanza kumwambia atapata mwingine, mwanamume si machungwa useme yamekwisha sokoni. Fundi hakumsikia. Alikuwa analilia zile siku alizoambiwa yupo, yupo, mwenzio yupo, naye akalala usingizi mzuri kwa neno hilo, na mlangoni hapakuwa na mtu.